Keja ya futi 10 kwa 10 inapendeza, ukijipanga

Kama unaishi na familia kwenye keja ya mabati Kibera au Kawangware, unajua chumba cha futi 10 kwa 10 ndicho sebule, jikoni na pa kulala. Usikope pesa ndio kipendeze. Rauka soko la Toi, uchague mapazia ya mtumba: moja litenge kitanda na viti. Shuka nyeupe ukutani ifiche mabati, chumba kiangaze. Inua kitanda kwa matofali, masanduku yaingie chini. Lakini nguo zikae mbali na jiko, na usizibe dirisha kwa urembo: hewa yenye sumu ya makaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.