Nilivyojiungia kompyuta nikiwa Kashozi: wapi pa kuweka hela na wapi pa kubana



Mimi nauza kahawa ya kusaga, kahawa ya kutafuna, na msimu ukifika nauza senene. Niko Kashozi, ila wateja wangu wengi wako Dar, Dodoma na Mwanza, na karibu wote nawapata WhatsApp na Instagram. Biashara nzima ilikuwa ndani ya simu moja. Mwezi wa nne 2024 simu hiyo ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, ikatoka imekufa. Bakapu sikuwahi kuwasha. Anwani, nani kalipa nusu, nani kamaliza, vyote vikaenda. Kuna kaka wa Dodoma alikuwa ameshatuma 180,000. Alipopiga kuulizia mzigo, mimi nikamwuliza, "Samahani kaka, uliagiza nini vile?" Akanyamaza kidogo, akasema nimrudishie hela yake. Nikamrudishia. Mpaka leo hajanunua tena.

Hapo ndipo nilipotenga 700,000 ya kompyuta ya mezani. Naomba ieleweke kwamba hiyo haikuwa hela ya kuchezea. Ilikuwa hela ya kununulia senene mwezi wa kumi na moja. Nikikosea, nakosa kompyuta na nakosa msimu.

Najua wapo watakaosema si bora laptopu, ina betri yake. Wana hoja. Lakini laptopu ya bei hiyo ni iliyotumika, betri imeshachoka, na kikiungua kitu kimoja ndani mara nyingi umeumia yote. Ya mezani unabadilisha kipande kwa kipande, kama baiskeli.

Swali nililoanza nalo lilikuwa hili: huku kwetu ni kitu gani kitaharibika kwanza, na kikiharibika nitakipata wapi? Wengi wanaanza na kasi. Kasi ya kuandika oda, kupanga picha, kutengeneza lebo na kuhariri video fupi ya bidhaa si kubwa hivyo. Huku kinachoua kompyuta ni umeme. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba umekuwa ukitokea Uganda, laini ndefu, ukikatika unarudi kwa kishindo. Na radi za ziwani mnazijua. Kwa hiyo kipande cha kwanza kufa ni pawa saplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa.

Hii ndiyo sababu sikununua mashine ya ofisini iliyotumika, zile OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre mnazoziona zimepangwa madukani. Ni mashine nzuri, na kama ungekuwa Dar ningekwambia nunua moja, ongeza SSD, kalale. Lakini nyingi kati ya hizo zina pawa saplai ya umbo lake na plagi yake, si ile ya kawaida ya pini 24. Jirani yangu anayo ya namna hiyo. Radi ilipopita na pawa saplai yake, alisubiri wiki tatu mpaka ikapatikana Kariakoo ikaja na basi. Wiki tatu muuzaji wa mtandaoni hayuko hewani, wateja wanahama. Pawa saplai ya kawaida, ATX, unapanda gari asubuhi kwenda Bukoba mjini unaweza kurudi nayo mchana.

Sasa niwaeleze nilipopigwa.

Kompyuta ya kuunga ina vitu viwili ambavyo lazima vioane: prosesa, ndiyo ubongo, na madabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Nilitaka prosesa ya Intel kizazi cha 8, kwa sababu Microsoft walishatangaza kwamba Windows 10 itaacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8. Printa yangu ya lebo inataka Windows, sikuwa na ujanja. Kujua kizazi ni rahisi, angalia namba baada ya kistari: i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-8400 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10. Muuzaji akikwambia tu "ni i5 hii, iko fasta," hajakwambia kitu. Kuna i5 ya 2010 na kuna i5 ya juzi.

Nikapata i5-8400 iliyotumika kwa 180,000. Nikapata na madabodi ya H110 kwa 120,000 kwenye duka jingine. Nikauliza, "Itaingia?" Nikajibiwa, "Itaingia, soketi ni moja." Na kweli iliingia! Ilikaa vizuri kabisa. Fundi akawasha, feni zikazunguka, skrini nyeusi. Akatoa RAM, akarudisha, nyeusi. Tulikaa pale mpaka jioni.

Ni hivi: kizazi cha 6, 7, 8 na 9 vya Intel vyote vinatumia soketi yenye jina moja, LGA1151. Lakini madabodi za H110, B150, B250 na ndugu zake ni za kizazi cha 6 na 7. Kizazi cha 8 na 9 kinataka H310, B360, B365 na kuendelea. Kuingia kunaingia, kufanya kazi hakufanyi. Nilirudi dukani, nikaambiwa kilichouzwa hakirudi. Nilikasirika, ila na mimi ni muuzaji, nikajiuliza ni mara ngapi nimemuuzia mtu bila kumwuliza anakwenda kukitumiaje. Ile madabodi niliiweka status, nikaiuza 85,000 kwa kijana mwenye prosesa ya kizazi cha 6, nikamwambia ukweli wote. Hasara 35,000. Nikanunua H310 kwa 150,000.

Kwa hiyo usiulize "itaingia?" Uliza "itawaka?", na bora zaidi nunua prosesa na madabodi mahali pamoja, zikiwa zimeshachomekwa, uone skrini inaonyesha kitu. Na chunga herufi ya mwisho: prosesa yenye F, kama i5-9400F, haina picha zake yenyewe. Bila kadi ya picha hupati kitu kwenye skrini. Ndiyo maana wakati mwingine utaikuta bei chini kidogo, ukadhani umeokota.

Kadi ya picha yenyewe mimi sikununua kabisa. Kwa Canva, Photopea na video za dakika moja, picha zilizomo ndani ya prosesa zinatosha. Kadi ya picha ni ya wacheza gemu na wahariri wa filamu, na inakula umeme. Mashine yangu pamoja na monita ukiipigia wati 80, kwa saa 5 kwa siku ni uniti 0.4, yaani kama uniti 12 kwa mwezi. Kama nyumba yako iko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu hiyo kabla ya kununua dude kubwa, usije ukatolewa kwenye tarifu kwa sababu ya kompyuta.

RAM niliweka GB 8, kipande kimoja cha DDR4, 50,000, nikaacha nafasi ya pili wazi ya kuongezea. GB 4 usinunue, ukifungua kurasa kadhaa za intaneti na WhatsApp utaichukia. RAM ya laptopu ni fupi, ya mezani ni ndefu, haziingiliani. Na DDR3 haichomeki kwenye nafasi ya DDR4. Kwenye picha ya mtandaoni huwezi kujua urefu kama hakuna kitu cha kulinganishia, omba apige picha ameishika mkononi.

Uhifadhi ni SSD ya GB 256, 55,000. Hapa msibane. Hadi diski za zamani zina sahani inayozunguka, na umeme ukikatika ghafla kila siku hazidumu. SSD inawasha kompyuta kwa sekunde chache, hata mashine ya zamani inafufuka. Ila jihadharini na zile za "TB 2 kwa elfu arobaini". Ndani ni memori ndogo iliyofundishwa kudanganya: inapokea mafaili yote, halafu ukiyafungua hayapo. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza diski au flashi na kuisoma tena, uongo wote unaonekana. Na hata SSD nzima si kabati la milele. Daftari langu la oda lipo pia Google Drive, GB 15 za bure zinanitosha. Baada ya ile ndoo ya maji sirudii.

Turudi kwenye pawa saplai, maana hapa ndipo watu wengi wanabana pasipofaa. Zipo za 25,000 zimeandikwa wati 500. Ishike mkononi: ikiwa nyepesi kama boksi tupu, ndani hamna kitu, hizo wati ni maandishi tu. Mashine yangu haifiki hata wati 150, kwa hiyo ya wati 400 ya kweli, yenye alama ya 80 PLUS, inatosha na chenji. Nililipa 75,000. Ukipata iliyotumika kutoka nje, angalia nyuma: baadhi zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa 115 ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio na moshi. Geuza 230 kabla ya kuchomeka.

UPS ya VA 650 ilinitoka 140,000, ghali kuliko nilivyotaka. VA si wati. VA 650 ni kama wati 360 hivi. Kazi yake si kukufanya umalizie kazi gizani. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Na haizuii radi. Mawingu yakianza kunguruma upande wa ziwa, mimi nachomoa plagi ukutani, na waya wa modemu pia. Mteja atasubiri nusu saa. Kama nyumba yako haina waya wa ethi, mwite fundi umeme kwanza, kabla hata ya kununua kompyuta.

Monita ya inchi 22 iliyotumika, 110,000. Chukua yenye IPS kama ipo. Zile za bei ya chini kabisa ukizitazama kwa pembeni rangi inabadilika. Kwangu mimi wa kahawa si neno, lakini rafiki yangu anauza vitenge, na amewahi kurudishiwa mzigo mzima kwa "niliona bluu, umeniletea zambarau". Angalia pia matundu ya nyuma: monita ya zamani inaweza kuwa na VGA tu, na madabodi yako ikawa na HDMI tu.

Kasha lilikuwa 30,000, kuukuu, halina taa za rangi. Kibodi na mausi 20,000. Kitu kimoja ambacho hakuna aliyenitahadharisha: ziba matundu yote ya nyuma yasiyotumika. Vumbi la huku ni jekundu na linaingia, mjusi naye anapenda joto la pawa saplai. Na msimu wa senene ukifanya kazi usiku taa inawaka, mtakutana nao ndani ya kasha wakiwa wamekaangwa tayari.

Vitu vilivyotoka Dar vililetwa na basi, nauli ya vifurushi jumla 25,000. Kabla ya kutuma hela niliomba video: kifaa kinawaka, namba yake inaonekana, na muuzaji anataja tarehe ya leo kwa sauti. Mmoja alikataa, akasema namsumbua. Nikaenda kwa mwingine. Ukivuka kwenda Kampala kupitia Mutukula, bei unaweza kuipenda, ila mzigo utangaze forodhani, na jiulize ukiharibika utarudi tena Kampala?

Ukijumlisha vyote, pamoja na ile hasara, nilimaliza 870,000 badala ya 700,000. Ilikamilika wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, na senene mwaka ule nilinunua nusu ya nilizozoea. Msimu uliofuata nililipa pengo, na daftari la oda lilikuwa limejaa majina bila hata moja kupotea. Tangu hapo pawa saplai imekufa mara moja, mvua za mwezi wa nne, nilisahau kuchomoa. Nilikwenda mjini saa tatu, saa tisa nilikuwa napokea oda.

Ile nafasi ya pili ya RAM bado iko wazi. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei dunia nzima, viwanda vinakimbilia kuhudumia mitambo ya akili mnemba. Juzi niliuliza bei ya GB 8 nyingine, nikashukuru, nikaagana na muuzaji vizuri tu.