Goma: mazuku si uchawi, ni gesi inayotoka chini ya ardhi

Kando ya mji wa Goma na kwenye barabara ya Sake, katika Kivu Kaskazini, wakaaji hukuta asubuhi mbuzi, mbwa ao ndege wamekufa ndani ya shimo, bila kidonda wala alama ya ugonjwa. Wakati mwingine anayekutwa pale ni mtu. Wengine wanasema ni uchawi, wengine sumu. Wenyeji wanaita mazuku, yaani upepo mbaya.

Mazuku ni gesi ya kaboni, ileile tunayotoa tunapopumua. Inatoka chini sana, kwenye mawe yaliyoyeyuka chini ya volkano Nyiragongo na Nyamulagira, na kupanda kupitia nyufa za ardhi. Volkano haihitaji kulipuka ili gesi hiyo itoke.

Haina rangi wala harufu. Uzito wake unapita ule wa hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatiririka kama maji na kujaa katika mashimo na mabonde. Katika hewa ya kawaida haifiki hata 0.1 kwa mia. Ikipita 10 kwa mia, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache, kisha kufa. Mwaka 1986, gesi hiyohiyo ilitoka katika ziwa Nyos, Kameruni, na kuua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja.

Hatari ni kubwa usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia. Jua likipanda na upepo ukivuma, gesi inatawanyika. Ndiyo maana njia uliyopita mchana bila shida inaweza kukuua kabla ya jua kutoka.

Urefu pia una maana. Pahali gesi inapofika kiunoni, mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua, lakini mtoto anayemfuata amezama. Aliyelala chini amezama pia. Jambo hilo liligusa moja kwa moja familia zilizokimbia vita na kujenga vibanda magharibi ya Goma, upande wa Bulengo na Lac Vert, ambako mazuku yanajulikana tangu zamani.

Ufanye nini? Usijenge wala kulala bondeni. Ukiona wadudu, panya ao ndege wamekufa pahali pamoja, rudi nyuma na upande juu. Usitume mtoto kuchota maji ao kutafuta kuni mabondeni alfajiri.

Zaidi ya yote, ukiona mtu ameanguka shimoni, usishuke mbio kumwokoa. Huwezi kuzuia pumzi muda wa kutosha kumbeba, na utaanguka juu yake. Ita watu na mumvute kwa kamba mkiwa juu. Namna hiyo, jirani mmoja akianguka, wengine hawatamfuata.