NAMUGONGO: MOTO MMOJA, MAKANISA MAWILI

Wahenga walisema tembea ujionee. Likizo ya Agosti iliyopita, mimi, mama na nyanya tulipanda basi Busia, tukavuka mpaka, tukapita Jinja hadi Namugongo, kilomita 15 hivi kutoka katikati ya jiji la Kampala. Mpenzi msomaji, huenda umewahi kuwaona mahujaji wakielekea huko kwa miguu, ukajiuliza wanafuata nini. Hebu nikueleze.

Mwaka wa 1886, Buganda ilitawaliwa na Kabaka Mwanga. Baadhi ya vijana waliomtumikia ikuluni walikuwa wameipokea dini ya Kikristo, wengine kwa mapadri wa Kikatoliki, wengine kwa wamishonari wa Kianglikana. Kabaka alikasirika kuona wanamtii Mungu kuliko yeye. Akawaamuru waiache dini hiyo, la sivyo wafe. Wakakataa katakata. Walikamatwa Munyonyo, wakafungwa na kutembezwa hadi Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 waliviringishwa katika mikeka ya matete, wakachomwa wakiwa hai. Kiongozi wao, Charles Lwanga, alichomwa peke yake. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na miaka 14 hivi. Mimi nina 16, na wakati mwingine hata kumwambia mwalimu ukweli hunishinda!

Kati ya 1885 na 1887 waliuawa mashahidi 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wale 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka wa 1964.

Kanisa la Kikatoliki liliwekwa wakfu mwaka wa 1975. Limejengwa kwa mfano wa nyumba ya msonge ya Waganda, na lina nguzo 22 za shaba, moja kwa kila mtakatifu. Altare iko pale pale alipochomewa Lwanga. Hapo chini kuna ziwa dogo ambalo mahujaji huteka maji yake. Waanglikana nao wana kanisa lao na makumbusho, si mbali na hapo.

Sasa, nyanya yangu ni Mwanglikana na mama ni Mkatoliki. Tangu baba aoe na kuhamia kwa Wakatoliki, nyanya hajawahi kukanyaga kanisani kwetu. Siku za Krismasi kila mtu hula kwake. Basi tulipofika kwa Waanglikana, aliyetuongoza akatueleza kwamba vijana wa madhehebu yote mawili walichomwa pamoja.

"Moto mmoja?" nyanya akauliza.

"Ndiyo, mama. Moto mmoja."

Nyanya alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mama akasema, "Twende basi nikaone na kwenu." Akaingia kanisani, akapiga magoti kando ya mama. Alipotoka, alinituma nimtekee maji ya ziwani. Chupa ile ingali kabatini kwake hadi leo. Jumapili bado huenda kwake nasi kwetu, lakini Krismasi iliyopita tulikula meza moja.

Wenzangu, hapa shuleni vikundi vyetu vya dini hukutana mbalimbali, na mara nyingine hata kusalimiana ni taabu. Wale vijana walikuwa rika letu. Kama waliweza kufa pamoja, sisi tunashindwaje kuketi pamoja?