Tokeo Kando ya Mstari: Kihariri cha Python na Mwanagenzi wa Turkana

Utangulizi

Python ni lugha ya kompyuta iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Kwa kawaida, mwanagenzi huandika programu nzima katika kihariri, kisha huiendesha, na ndipo aonapo tokeo. Makala haya yanaeleza njia nyingine: kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa katika kihariri, ambacho huonyesha tokeo la kila mstari papo hapo, kando ya mstari wenyewe.

Mfano wa Maji

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takribani kilomita 120 katika nchi kame. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, hesabu ya maji si zoezi la darasani tu. Viwango vya kimataifa vya Sphere hutaja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kima cha chini. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi anakokotoa fungu la kila mtu katika kaya ya watu 6 yenye mitungi 4 ya lita 20:

mitungi = "4"
lita = mitungi * 20
fungu = lita / 6

Programu inakwama, na Python inaulaumu mstari wa tatu. Mwanafunzi ataukagua mstari huo bila mafanikio, kwa kuwa kosa limo katika wa kwanza: alama za kunukuu zimeigeuza namba kuwa maandishi, na maandishi yakizidishwa kwa 20 hurudiwa mara 20. Kiendelezi kingemwonyesha kando ya mstari wa pili 44444444444444444444 badala ya 80. Akiziondoa alama hizo, ataona 80, kisha 13.33 na ushei. Kaya hiyo imepungukiwa lita 10 kwa siku.

Utendaji na Tahadhari

Mwandishi anapotua kidogo, kiendelezi huikabidhi Python matini yote, hunasa thamani ya kila mstari pamoja na nambari yake, kisha huichora kwa rangi hafifu. Thamani hiyo haiingii katika faili. Kazi yote yaweza kufanyika ndani ya kompyuta, bila intaneti.

Hata hivyo, kuonyesha tokeo ni kuitenda amri. Amri ya kufuta faili itafuta kweli, hata kabla mwandishi hajamaliza kufikiri. Nayo amri ya kurudiarudia isiyo na kikomo itakwamisha kazi. Kwa hiyo ni busara kuweka ukomo wa muda, au kuruhusu utendaji pale tu faili inapohifadhiwa.

Hitimisho

Majina mitungi, lita na fungu ni ya Kiswahili, na Python huyakubali. Maneno machache tu ya amri ndiyo ya Kiingereza. Kakuma, wanakoishi watu wa mataifa mengi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, jina linaloeleweka kando ya tokeo lake humwezesha mwanagenzi kumweleza mwenzake kosa liko wapi. Mwaka 2004, Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuvaa programu ya ofisi. Istilahi za uandishi wa programu zinawasubiri wanafunzi wa Kiswahili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.