Maji na gesi ya shimo la choo: ni ndugu, juu ya nini hawafanani?

Katika mitaa ya Kipushi, kila mtu anajua ile harufu ya yai bovu inayotoka kwenye shimo la choo lililojaa. Ni gesi ya sulfuri ya hidrojeni, na ni ndugu ya maji. Molekuli ya maji ina hidrojeni mbili na oksijeni moja. Ya gesi ile ina hidrojeni mbili na sulfuri moja, sulfuri ileile iliyoshikana na zinki katika mawe ya mgodi wa Kipushi.

Tena molekuli ya gesi ni nzito zaidi: 34 kwa 18. Basi juu ya nini maji yanangoja mbabula iwake mpaka digrii karibu 96 hapa kwetu mlimani, 100 kule pwani, ndipo yachemke, na gesi ile inachemka tangu digrii 60 chini ya sifuri?

Jibu ni kifungo cha hidrojeni: mvuto kati ya hidrojeni ya molekuli moja na atomu ya molekuli jirani. Nguvu yake inatoka kwa mambo matatu.

Kwanza, uroho wa atomu. Kwa kuvuta elektroni, kipimo cha mwanakemia Linus Pauling kinaipa oksijeni 3.44, sulfuri 2.58, hidrojeni 2.20. Hidrojeni ikinyang'anywa elektroni inabaki na chaji chanya, inatafuta jirani wa kushika.

Pili, umbali. Oksijeni ni ndogo, jirani anakaribia. Sulfuri ni kubwa, mvuto unalegea.

Tatu, kunyooka. Kifungo kilichonyooka kinashika; kikipinda kinalegea.

Hata ndani ya maji, kifungo kimoja ni dhaifu karibu mara 20 kuliko kile kinachoshika oksijeni na hidrojeni yake. Lakini kila molekuli inaweza kushikana na jirani 4, na wingi njo nguvu.

Hii si habari ya darasani tu. Kwa kuwa haishikani, gesi ile inatoka kwa urahisi kwenye uchafu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inalala chini ya shimo. Ikiwa nyingi, inazima pua kwanza: mtu hasikii tena harufu, anawaza imeisha, kisha anaanguka. Mwenzako akianguka humo, usishuke kumfuata. Ita watu. Na kila anayeshuka afungwe kamba mbele, wenzake wabaki juu wakiishika.