Litungu Mikononi mwa Fundi Mwenzako

Kuanzia mitaa ya Kitale kama Kipsongo hadi Bungoma, ukisikia litungu harusini au kwenye mashindano ya muziki ya shule, jua yupo fundi aliyehangaika na ngozi mbichi. Ala hii ya Wabukusu ni ndugu ya nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii: bakuli la mti lililochimbwa, ngozi iliyowambwa juu yake, mikono miwili, mti wa kukingama, na nyuzi saba, wengine nane. Zamani nyuzi zilikuwa kano za wanyama; siku hizi ni mshipi wa kuvulia samaki.

Mshipi una hesabu zake. Mpiga ukulele au gitaa hupata sauti nyingi katika uzi mmoja kwa kuubana shingoni. Litungu halibanwi hivyo: kila uzi una sauti yake, na nyuzi zote zinakaribiana urefu. Fundi amebaki na unene na mkazo. Mfaransa Marin Mersenne aliichapisha kanuni yake mwaka 1636. Punguza unene wa uzi uwe nusu, mengine yabaki vilevile, sauti hupanda oktava nzima. Lakini ukitaka oktava hiyohiyo kwa kukaza tu, utahitaji mkazo mara nne. Ndiyo maana anayenunua mshipi wa unene mmoja kwa nyuzi zote hujuta: za sauti ya juu hukatika, za besi hulegea.

Halafu mkazo nao ni mzigo. Kila uzi ukivutwa kwa nguvu ya kilo 4, nyuzi saba zinavuta kilo 28 usiku na mchana. Sehemu ya nguvu hiyo huishukia ngozi kupitia daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi. Daraja likiwa fupi, sauti hutoka hafifu. Likiwa refu mno, ngozi hubonyea, na sauti hukabwa.

Kwangu mimi, ngozi ndiyo ala yenyewe. Ni nyepesi kuliko ubao wa gitaa, kwa hiyo huipokea nishati ya uzi upesi na kuimwaga hewani: sauti hupasuka kwa nguvu, kisha hufa mara moja. Na ngozi hunywa unyevu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mvua za Aprili zikishika, litungu lililolia vizuri Februari hushuka sauti. Dawa yake ni kulianika juani au kulisogeza karibu na moto.

Kazi ikiisha, fundi humpa mwenzake alisikilize, na hiyo si adabu tu. Anayepiga amelikumbatia litungu. Mtetemo unampitia mwilini, naye hudhani besi imejaa. Kumbe sauti ya hezi 100 ina wimbi la zaidi ya mita 3, na bakuli dogo huisukuma hewa ya wimbi hilo kwa shida. Aliyesimama hatua kumi mbele husikia kile tu kilichofika, naye atasema bila kupepesa macho: besi yako haitoki.

Kisha agonge ngozi kwa ukucha, akizunguka ukingo polepole. Panapolia chini kuliko kwingine, ndipo ilipowambwa legelege. Kurekebisha ni kuing'oa, kuiloweka na kuiwamba upya, kwa hiyo heri maneno hayo yasemwe kabla ya wiki ya harusi.