Namba za Kwenye Kopo la Oili: Oili Nzito Si Kinga kwa Kila Injini

Kwa miaka mingi oili ya 20W-50 imekuwa chaguo la kawaida katika gereji nyingi nchini, kwa imani kwamba nchi yenye joto huhitaji oili nzito. Kwa magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa sasa kutoka Japani, imani hiyo inaweza kumletea mmiliki gharama asizozitarajia.

Namba hizo zinatokana na kiwango cha J300 cha SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani. Namba inayotangulia herufi W huonesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyowahi kufika sehemu za juu za injini inapowashwa. Namba ya pili huonesha mnato katika nyuzijoto 100 za Selsiasi. Kwa hiyo 0W-20 si oili "isiyo na uzito", kama inavyosemwa madukani.

Katika nyuzijoto hizo 100, mnato wa daraja la 50 kwa kawaida huzidi mara mbili ule wa daraja la 20. Injini za kisasa zina nafasi finyu kati ya vyuma vyake, na mfumo unaobadili muda wa kufunguka kwa valvu huendeshwa kwa shinikizo la oili inayopita katika njia nyembamba. Oili nzito huchelewa kupita humo. Injini huweza kugonga asubuhi, taa ya hitilafu ikawaka, na mafuta yakatumika zaidi. Kinyume chake, injini ya zamani iliyosanifiwa kwa oili nzito huweza kulika haraka ikiwekewa nyepesi mno.

Kuhusu joto la Dar es Salaam, rejeta na themostati huiweka injini karibu na nyuzijoto 90, iwe Tanga au Makete.

Kipimo sahihi kimo katika kitabu cha gari, na mara nyingi pia juu ya mfuniko wa oili. Kitabu kikiwa cha Kijapani, maandishi 0W-20 au 5W-30 husomeka vilevile. Baadhi ya vitabu huruhusu daraja zaidi ya moja, hasa kwa gari linalobeba mizigo mizito.

Injini inayopunguza oili ichunguzwe kwanza na fundi, kwani oili nzito huficha ubovu wa ringi za pistoni bila kuuondoa.